Beseni la Kutembelea

Mjini Kasongo mwanamke hatembei bure. Akionekana barabarani saa kumi jioni, kichwani ana maji, au kuni, au mihogo, na kama hana kitu basi anakwenda kukichukua. Anayetoka mikono mitupu, akafika kwenye kona, akageuka akarudi alikotoka, kisha akageuka tena, huyo ana jambo. Na watu wakishaona kwamba mtu ana jambo, hawatulii mpaka walipatie jina.

Hidaya alitembea hivyo siku nne. Siku ya tano jina lilikuwa limeshapatikana.

"Wanasema unatafuta bwana," mama mkwe wake, Mama Amisa, alimwambia, huku akimwaga maji kwenye pipa. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kisimani, na kisimani ndiko habari zinakochotwa. "Wanasema bwana yako Amuri akiwa njiani na moto yake ya kubebea mizigo, bibi yake anajipitisha-pitisha mbele ya maduka, mashavu imejaa."

Hidaya alijishika mashavu kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

Mashavu yalikuwa ya vidonge. Mwaka uliopita tezi za shingo zilimvimba, wakamwambia ni kansere, akapelekwa Bukavu akatiwa shimio, zile dawa kali za kuua kansere, miezi sita. Kansere ilikubali kuondoka. Lakini katika zile dawa ilikuwamo moja iliyompitia kifuani ikamwunguza mapafu, kwa hiyo alirudi Kasongo shingo nzima, pumzi nusu. Vidonge vya kutuliza mapafu ndivyo vilivyomvimbisha uso ukawa mviringo kama sahani, na hicho ndicho kilichowaudhi watu kuliko yote. Msikiti mzima ulikuwa umechanga kwa ajili yake. Mzee Bulaimu, mwenye duka la vitambaa, alizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, kofia mkononi. Wanawake walimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wakilia kwamba hawatamwona tena. Sasa wanamwona tena, na amenona kuliko waliochanga. Kuna watu wanaokusamehe ukifa, lakini ukipona mashavu yakiwa hivyo hawakusamehe.

"Si nimekuambia, Mama," Hidaya alisema. "Ni infirmie alisema nitembee."

"Alisema. Lakini yeye haishi huku."

*

Infirmie huyo aliitwa Christophe, muuguzi wa hospitali, kijana mpole aliyezoea kusema mambo mazito akiwa anatafuta kalamu yake. Alikuwa amemsikiliza Hidaya mgongoni, akasikia ile sauti kama ya jani kavu linalokanyagwa, akaketi.

"Mama Djamila, mapafu yako iko na kovu. Kovu haitoki, nakuambia kweli. Lakini ile sehemu imebakia iko muzima, na inafaa tuifundishe kazi. Kila siku utembee. Polepole. Ukichoka unasimama, unavuta kwa pua, unatoa kwa kinywa kama mutu anapuliza chai ya moto. Moshi, hapana. Vumbi ya kutwanga, hapana. Siku utatoka kwako ufike kwa muskiti, umesimama mara mbili tu, pale tutaanza kupunguza hii vidonge."

"Na nisipotembea?"

Christophe aliipata kalamu. "Ile kidogo nayo itafungana. Utakuwa mutu wa kitanda."

Kutoka kwa Hidaya hadi msikitini ni nyumba arobaini. Alizihesabu akirudi, akisimama karibu kila mlango.

Moshi hapana, vumbi hapana. Ni rahisi kuyaandika kwenye karatasi. Nyumbani kwa Amuri maana yake ilikuwa kwamba Mama Amisa, mwenye miaka sitini na minne na goti moja lisilokunjika bila maumivu, alirudi jikoni, alirudi kwenye kinu, alirudi kisimani. Mkamwana alikaa upande wa pili wa ua, pale upepo unapotokea, akichambua mchele kwenye ungo wakati mama mkwe wake anapuliza moto. Hilo lilimwuma Hidaya kuliko kifua. Alikuwa akiinama kila sahani ya chakula ilipowekwa mbele yake, akila haraka kama mgeni asiyealikwa, na vidonge vilimtia njaa, kwa hiyo aliona aibu na bado alitaka kuongezewa.

Mama Amisa naye alikuwa na aibu yake. Kisimani walimwuliza kila siku: "Mukamwana iko wapi?" Naye kila siku alijibu: "Iko anashona." Kwa nguo alizoshonewa mdomoni na Mama Amisa, Hidaya angalivika mtaa wote.

*

Beseni lilikuwa wazo la Mama Amisa, na tusimwonee, lilikuwa wazo la mapenzi. Alifungua sanduku lake akatoa kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni, alichotarizi mwenyewe kabla hajaolewa, kitambaa ambacho hutoka siku za arusi na Idi peke yake. Akachukua beseni la alumini. Akaingia shambani nyuma ya nyumba akakusanya majani makavu ya mgomba, akayapanga ndani mpaka yakafanya tumbo. Akafunika, akakunja pindo, akarudi nyuma kutazama.

"Angalia. Si iko kama kitu?"

"Mama, ni uongo."

"Ni beseni. Nani amesema uongo? Unabeba beseni, unatembea. Mutu akiuliza, sema iko na mwenyewe. Leo utatembea kama mutu."

Ikawa kweli. Mtaa ulinyamaza siku ileile. Mwanamke mwenye beseni kichwani ana anakotoka na anakokwenda, na kitambaa kizuri namna ile kilionyesha kwamba anakokwenda ni kwa watu. Wenye maduka wakaanza kumsalimia. Akichoka alisimama, akashika beseni kwa mkono mmoja kama anayelitengeneza, akapuliza chai yake ya moto, na aliyemwona alidhani mzigo ni mzito. Siku moja Mama Cécilia, jirani muuza mandazi, alimwita kutoka ng'ambo ya barabara:

"Mama Djamila, unauzisha nini? Mbona hautupitishie?"

"Iko na mwenyewe," alijibu, akaharakisha nyumba mbili nzima, kisha akacheka peke yake mpaka kikohozi kikamshika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Bukavu.

Nyumbani binti yake Djamila, wa miaka tisa, alimwuliza: "Mama, mu beseni iko nini?"

"Iko dawa."

Nyumba kumi na mbili. Kumi na saba. Baada ya miezi miwili, ishirini na sita. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Hidaya ilikuwa inarefuka kila wiki. Lakini usiku, vidonge vikimnyima usingizi, alilifikiria lile beseni lililoegemezwa ukutani na kuona haya. Alikuwa anapona kwa hila, mbele ya watu waliomchangia.

*

Mama Amisa alikwenda Lusangi kumwona dada yake. Amuri alimbeba kwenye pikipiki, akamshusha huko, akaendelea na mizigo yake mpaka Salamabila. Hidaya na Djamila walibaki peke yao.

Mzee Bulaimu alifariki siku ya pili yake, saa sita mchana. Msikitini wakatangaza. Hidaya, aliyekuwa amekesha, alikuwa amelala chali mkekani na hakusikia neno. Djamila alikuwa shuleni. Saa kumi akaamka, akanawa, akajitwika beseni, akatoka. Barabara ilikuwa tupu na hilo lilimfurahisha.

Nyumba ya ishirini na sita aliipita bila kusimama. Mbele yake kulikuwa na mwinuko mfupi ambao hajawahi kuujaribu, na juu yake, nyumba ya thelathini, ya Mzee Bulaimu. Leo, alijiambia. Nikifika juu nitapita kumsalimu baba wa watu, aone mchango wake unavyotembea. Alipanda. Masikio yalimjaa mapigo ya moyo wake mwenyewe. Alipanda akiwa ameinamisha macho, hatua, pumzi, hatua, mpaka ardhi ikawa sawa, akainua uso kwa furaha.

Ua ulikuwa umejaa wanawake wameketi chini.

Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika. Katika nyumba ya kilio moto hauwashwi. Majirani ndio wanaopika na kuleta, na wale wanawake, na watoto waliowalalia mapajani, walikuwa hawajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Wote walimtazama Hidaya. Walitazama beseni. Mtu akishafika mbele ya kilio hageuki nyuma. Anayegeuka amemkana marehemu. Hidaya alisimama.

"Mama Djamila!" Mwanamke aliyenyanyuka alikuwa Mama Iliasi, dada mkubwa wa marehemu, macho mekundu, kanga imefungwa kiunoni. "Angalieni. Angalieni nani amefika wa kwanza."

Hidaya alifungua kinywa. Alitaka kusema neno moja tu, hapana. Pumzi haikuwapo. Mwinuko ulikuwa umeichukua yote. Kifua kilipanda na kushuka, midomo ikasogea, sauti haikutoka; akainua kiganja, akakitikisa. Mama Iliasi alidhani anakataa shukrani.

"Usiseme kitu, mutoto wangu. Pumuzika. Mungu akulipe." Alilitua beseni kutoka kichwani kwake kwa mikono miwili. "Bulaimu alizunguka nyumba kwa nyumba juu yako kama juu ya mutoto yake. Leo umemurudishia. Keti."

Wakamketisha. Mmoja akampepea. Watoto waliamka wakasogea. Beseni likawekwa katikati ya mkeka, na Mama Iliasi akakunjua kile kitambaa taratibu, kwa heshima, maana ni kitambaa cha kuheshimiwa.

Majani. Kwanza hakuna aliyeshtuka. Wali mzuri hufunikwa kwa majani. Mama Iliasi aliondoa la kwanza, la pili. Yalikuwa makavu, yakavunjika mikononi. Akaingiza mkono chini zaidi. Mkono ulifika mwisho wa beseni, ukagonga alumini, na ule mlio mdogo ulisikika ua mzima.

"Iko nini?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Majani," Mama Cécilia alijibu. "Majani ya kukauka."

"Kwa kilio?"

Mtoto mmoja akaanza kulia kwa njaa, akanyamazishwa. Laiti wangemtukana. Mama Iliasi aliyarudisha majani moja moja, akaketi juu ya visigino, akamtazama Hidaya usoni, katika yale mashavu.

"Mutoto wangu. Bulaimu alikukosea nini?"

Pumzi ilikuwa imeanza kurudi, kijiko kwa kijiko. Ilimtosha maneno matatu.

"Ni… beseni… ya kutembelea."

Hakuna aliyeelewa. Ni nani angeelewa? Wanawake walitazamana. Hidaya alijiinua, akalichukua beseni. Majani mengine yalikuwa yameanguka mkekani, akainama kuyaokota, jani kwa jani, akikohoa, na hakuna aliyemsaidia. Kitambaa alikisahau. Akateremka mwinuko beseni likiwa kwapani, na safari hii kila mlango ulikuwa na mtu.

*

Amuri na mama yake walirudi siku ya nne. Habari walikuwa wamekutana nayo njiani kabla ya kuuona mji. Walipitia kilioni kwanza, wakatoa pole, wakapokewa kwa maneno machache. Walipoondoka, Mama Iliasi alimkabidhi Mama Amisa kile kitambaa, kimekunjwa, akarudi ndani. Amuri aliingia ndani akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hata nimechoka kujibu watu," alisema. "Kwa kila kona wananisimamisha. Wanauliza: bibi yako analipiza nini? Wengine wanasema ni ulozi. Hidaya, nani alikufundisha hii mambo?"

Hidaya alikuwa amekaa kitandani. Alimtazama mama mkwe wake. Mama Amisa alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mkononi, akitazama sakafu kama kuna kitu amekiangusha hapo. Kisha akaanza kukikunja upya kile kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Ni mimi," Hidaya alisema.

"Basi ukae ndani. Mpaka arobaini ipite, hata kwa mulango nisikuone. Watu wasahau."

"Na infirmie?"

"Infirmie ataniosha haya?"

Hakuwa mtu mbaya, Amuri. Alikuwa ameuza redio, baiskeli na shamba la bondeni ili mkewe apone. Lakini mali ikiuzwa watu hukusifu, na heshima haina soko. Alitoka akaosha pikipiki yake, na ilipotakata akaiosha tena.

Mama Amisa alikwenda jikoni. Alitwanga sombe jioni ile mpaka yale majani ya mihogo yakawa maji. Alikuwa na haya, haya ya kweli. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kiburi alingoja ipite. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hapa mwosha alikuwa amelala chumba cha pili akikohoa, na hakumwambia mtu.

Haikupita. Siku ya tano ya kukaa ndani Hidaya hakuweza tena kufika bafuni bila kusimama. Siku ya nane alishika ukuta wa jikoni. Siku ya kumi na moja Mama Amisa, akitoka kisimani, alimkuta ameinama pale katikati ya ua, mkono mmoja kwenye kinu, midomo imekuwa rangi ya majivu, na Djamila amesimama mbele yake.

"Puliza chai, Mama," mtoto alikuwa anasema. "Puliza chai."

Kutoka mlangoni mpaka kwenye kinu ni hatua kumi na nne. Mwanamke aliyefika nyumba ya thelathini.

Mama Amisa alitua ndoo. Akaingia bandani akamkamata kuku wake wa mayai, yule mweusi, aliyekataa kumchinja hata Idi, akampeleka kwa jirani wa kiume amchinje.

*

"Vaa," alimwambia Hidaya alasiri ile.

"Amuri alisema…"

"Amuri nilimuzaa miye. Vaa."

Beseni lilikuwa limejaa wali, juu kuku, juu ya kuku majani mabichi, na juu ya majani kile kitambaa, kimefuliwa. Hidaya alinyoosha mikono. Mama Amisa aliipiga mikono hiyo kidogo, akajitwika mwenyewe, goti likalia, wakatoka.

Kikongwe mbele na mzigo kichwani, mkamwana nyuma, kijana, mashavu yamejaa, mikono mitupu. Ndicho hasa Mama Amisa alichokificha miezi mitatu. Alikuwa amesema uongo kila asubuhi kisimani ili kisionekane, na sasa alikipitisha mbele ya maduka yote saa kumi ya jioni.

Nyumba ya nne Hidaya alisimama. Mama Amisa naye akasimama, moto wa wali ukimshukia kichwani.

"Mama, nipe nibebe. Watu wanaona."

"Wanaona nini? Vuta kwa pua."

Nyumba ya saba. Ya tisa. Ya kumi na moja, mbele kabisa ya meza ya mandazi ya Mama Cécilia, ambapo walikuwa wameketi wanawake watano. Hidaya alijishika magoti. Alitamani barabara ipasuke.

"Mama Amisa," Mama Cécilia alisema kwa ule upole wenye miiba. "Mukamwana anakuacha unabeba? Si ulisema anashona?"

Mama Amisa alifunga macho kidogo. Jasho lilimshuka shingoni.

"Hashonake," alisema. Sauti ilikuwa kubwa kupita alivyotaka, akaiacha iwe hivyo. "Nilisema bongo, niliwadanganya. Dawa ilimuunguza mapafu. Hatwangake, hapikake, hatekake maji. Ni miye ninafanya yote. Anajifunza kutembea kama mutoto. Sasa mumejua."

Wanawake watano wakatazama mandazi. Hidaya alilia bila sauti, maana kulia nako kunataka pumzi, na aliona haya kiasi kwamba alimchukia mama mkwe wake kwa dakika nzima. Kisha akavuta kwa pua. Akanyoosha mgongo. Wakaendelea.

Walisimama mara kumi na nne kabla ya mwinuko, na kwenye mwinuko mara tatu. Hapo Mama Amisa hakuweza tena kungoja, shingo ilikuwa inatetemeka. Alitangulia nyumba mbili za mwisho peke yake.

Mama Iliasi alikuwa mlangoni. Hakunyoosha mikono. Alisubiri Mama Amisa apige magoti na kulitua beseni mwenyewe kwenye kizingiti, kisha kabla ya salamu, kabla ya karibu, akainama akainua pembe ya kitambaa na kuchungulia. Mvuke ukamgusa uso. Alibaki ameshika ile pembe, kama asiyeyaamini macho yake, au pengine anaona haya kwa kuchungulia.

Mama Amisa alikuwa bado magotini.

"Tia mukono, Mama Iliasi," alisema. "Tia mpaka chini kabisa. Na ile ya majani, ile ya siku ya kilio, ni miye niliijaza. Yeye alikatala. Ni miye nilimutwika."

Mama Iliasi alikishusha kitambaa. Akaangalia barabarani, juu ya kichwa cha yule kikongwe. Nyumba mbili huko chini Hidaya alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono mitupu inaning'inia, mdomo umechongoka, akipuliza. Mama Iliasi hakumwita wala hakusema amesamehe. Alisogeza beseni ndani kwa mguu, akatoka nje, akasimama pale kizingitini kumngoja afike.